Wafalme wa Saint-Denis Walivyonitoa Woga

Nimelelewa katika woga wa wakubwa. Kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, mtoto hakumkatiza mtu mzima maneno, na mtu mzima naye hakumkatiza mwenye cheo. Mwenye nguvu mpishe, tuliambiwa, nasi tukapisha. Bibi yangu alimkumbuka Mwami Mwambutsa, aliyewekwa kwenye kiti mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo wa kubebwa. Hata baada ya ufalme kufutwa mwaka 1966, bibi alishusha sauti kila alipolitaja jina hilo. Alituambia kwamba mfalme wa Burundi huzaliwa ameshika mbegu mkononi. Watu hawamfanyi, wanampokea tu.

Nikaja Ufaransa na woga huo huo. Nilifanya usafi maofisini usiku, na msimamizi hakuwa amemaliza kusema kabla sijaitikia. Saa za ziada zikisahauliwa kwenye mshahara, nilinyamaza. Kwenye mikutano ya watu wa nyumbani nilikaa nyuma, nikapiga makofi wengine walipopiga. Siku hizi wanaonisikia ninavyozungumza wanadhani Ulaya imeniharibu. Ukweli ni kwamba nimefundishwa na wafalme, tena waliokwisha kufa.

Ninaishi Saint-Denis, kaskazini ya Paris, kwenye njia ya 13 ya metro. Ni mji wa watu wa kila nchi. Siku za soko utasikia Kilingala, Kibambara, Kiarabu na Kikomoro kabla hujafika kwenye meza za samaki. Hatua chache kutoka sokoni lipo kanisa kuu ambalo abate Suger alianza kulijenga upya, na sehemu yake ya mashariki ikawekwa wakfu mwaka 1144. Humo walizikwa zaidi ya wafalme 40 wa Ufaransa, kuanzia Dagobert aliyekufa mwaka 639. Nilipita mbele ya mlango ule kwa miaka mingi na mifuko ya mboga mkononi, nikijua kwamba ni mahali pa wakubwa na hapanihusu. Mimi ni Mwislamu, na hilo lilinipa sababu nyingine ya kutoingia.

Niliingia kwa ajili ya binti yangu. Shule za hapa huwafundisha watoto wa umri wake habari za wafalme wa ukoo wa Capet na wa Valois, naye alitakiwa kuandika juu ya kaburi moja. Mtoto alikwenda moja kwa moja kwenye sanamu aliyoichagua. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya watu wa mawe waliolala chali, mikono kifuani, simba au mbwa miguuni, nikanong'ona kama niliyeingia kwenye nyumba ya msiba.

Kilichoanza kunifungua macho ni sura zao. Nyingi zinafanana: nyuso laini, macho wazi, umri usiojulikana. Nikasoma kibao, kisha nikaenda kusoma zaidi kwenye maktaba ya mji. Sanamu kumi na sita kati ya hizo zilichongwa kwa mpigo mmoja, karibu na mwaka 1263, kwa amri ya Louis wa Tisa. Baadhi ya waliochongwa walikuwa wamekufa miaka 600 kabla. Hakuna fundi aliyeijua sura ya hata mmoja wao. Louis alitaka watu wanaoingia kanisani waone nasaba tatu tofauti, ambazo kwa kweli zilikuwa zimenyang'anyana kiti, zikiwa zimelala pamoja kwa amani kama ukoo mmoja usiokatika. Na miongoni mwao yumo Charles Martel, aliyekufa mwaka 741. Huyu aliitawala nchi yote lakini hakupata kuwa mfalme. Pale amelala na taji kichwani. Alivikwa na fundi wa mawe, miaka mia tano baada ya kuzikwa.

Nililitazama taji lile kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeishi nikiamini kwamba ukubwa ni kitu mtu anachozaliwa nacho. Hapa nilikuwa naona alama za patasi.

Tangu siku hiyo nikawa naazima vitabu. Nilivisoma polepole, kwa Kifaransa changu cha kujifunzia kazini, kwenye treni ya alfajiri. Sikutafuta vita wala mavazi. Nilitaka kujua mambo mawili tu: huyu alikipataje kiti, na nani alilipa gharama.

Hugues Capet alikipata kwa kuchaguliwa. Mwaka 987 wakubwa wa nchi walikutana Senlis wakamchagua, wakamwacha mtu mwingine aliyekuwa na damu ya mfalme wa kale Charlemagne. Hugues alijua vizuri kwamba waliomchagua wanaweza kesho kumchagua mwingine. Kwa hiyo kabla mwaka haujaisha akamtawaza na mwanawe Robert, yeye mwenyewe akiwa hai. Waliomfuata walifanya hivyo hivyo kwa karibu miaka 200, hadi Philippe Auguste, ambaye baba yake alimtawazisha mwaka 1179. Yeye hakuona haja tena ya kumtawaza mwanawe mapema. Kufikia hapo watu walikuwa wamesahau kwamba kiti kiliwahi kupigiwa kura.

Juu ya desturi wakaweka utakatifu. Mfalme alipakwa mafuta mjini Reims, na ilisemwa kwamba chupa ya mafuta yale ililetwa na njiwa kutoka mbinguni siku mfalme wa kale Clovis alipobatizwa. Baada ya kupakwa, mfalme aliaminiwa kuwa anaweza kuponya uvimbe wa tezi za shingo kwa kumgusa mgonjwa, na watu walitembea safari ndefu ili waguswe. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi na mbegu zake. Sikumcheka. Nilielewa tu kwamba Reims na Burundi, bila kujuana, waliona haja ya jambo lile lile: kuhakikisha kwamba hakuna atakayeuliza mtu huyu amewekwa na nani.

Lakini kaburi lililonigusa kuliko yote ni dogo. Ni la Jean wa Kwanza, aliyezaliwa Novemba 1316 akiwa tayari mfalme, kwa kuwa baba yake, Louis wa Kumi, alikuwa ameshakufa. Aliishi siku chache tu. Aliacha dada, Jeanne, mtoto bado, na kwa hesabu ya kawaida ya urithi kiti kingeweza kuwa chake. Baba yao mdogo, Philippe, akakichukua. Mwaka uliofuata, Februari 1317, akakusanya wakubwa wakatangaza kwamba mwanamke harithi ufalme wa Ufaransa. Miaka mitano baadaye Philippe mwenyewe akafa bila mtoto wa kiume hai. Kanuni aliyoitengeneza ikawafungia mlango binti zake, na kiti kikaenda kwa mdogo wake Charles. Charles naye mwaka 1328 hakuacha mwana. Kiti kikahamia kwa ukoo wa Valois. Edward wa Tatu wa Uingereza, ambaye mama yake alikuwa dada wa wafalme hao watatu, alidai kwamba ni chake, na kuanzia mwaka 1337 hadi 1453 watu wakauana kwa sababu hiyo.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja baadaye. Mwaka 1358 Richard Lescot, mtawa wa hapa hapa Saint-Denis, alifukua sheria ya kale ya Wafranki wa Kisali kuhusu urithi wa ardhi. Waliokuja baada yake wakaitumia kueleza kwamba wanawake walikuwa wamezuiwa tangu enzi na enzi. Uamuzi wa haraka wa baba mdogo mwenye tamaa ukapewa mvi. Nimesikia mara ngapi, kwenye ukumbi wa harusi au kwenye kikao cha familia, mtu akisema "hivi ndivyo tulivyokuta"? Sasa nikisikia hivyo, moyoni nauliza: mambo hayo uliyakuta kwa nani, na yeye aliyaanza lini?

Swali la pili, la nani alilipa, lilinirudisha hadi kwenye pochi yangu. Septemba 1356 mfalme Jean wa Pili alitekwa na Waingereza karibu na Poitiers. Fidia yake ilikubaliwa kuwa ecu milioni 3, mlima wa dhahabu ambao nchi iliyotoka kwenye tauni haikuwa nao. Desemba 1360 ikapigwa sarafu mpya ya dhahabu, mfalme juu ya farasi, ikaitwa franc, na siku hizo hizo zikawekwa kodi juu ya chumvi, divai na bidhaa. Kodi zilizoletwa kwa ajili ya mtu mmoja hazikuondoka naye. Jina la sarafu nalo halikuondoka. Lilikwenda Ubelgiji, Wabelgiji wakalileta Afrika, na ndilo hilo la faranga ambazo mama yangu alizihesabu jioni baada ya kuuza mafuta ya mawese. Jean mwenyewe alirudi kifungoni London baada ya mwanawe aliyeachwa rehani kutoroka, akafia huko mwaka 1364. Amelala Saint-Denis. Aliyelipia chumvi hana kaburi linalojulikana.

Sitaki msomaji afikiri kwamba nilitoka kwenye kuwaogopa nikaingia kwenye kuwachukia. Wafalme hawa hawakuwa sawa, na hata mmoja hakuwa sawa na nafsi yake. Louis wa Tisa, yule yule aliyetengeneza nasaba ya mawe, mwaka 1247 alituma wachunguzi nchi nzima wasikilize malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wake mwenyewe, na waliodhulumiwa warudishiwe mali. Mpaka leo sijaona viongozi wengi wenye ujasiri huo. Lakini katika utawala wake vitabu vya Wayahudi vya Talmudi vilichomwa moto hadharani Paris. Alilinunua taji la miiba la Yesu kwa livre 135,000, zaidi ya mara tatu ya gharama ya kanisa la Sainte-Chapelle alilolijenga ili aliweke humo. Alifia Tunis mwaka 1270, na mifupa yake ikaletwa hapa. Henri wa Nne aliukana Uprotestanti ndani ya kanisa hili hili Julai 1593 ili apokelewe, kisha mwaka 1598 akawapa Waprotestanti haki ya kuabudu kwa Hati ya Nantes. Mambo kama hayo nayapokea kwa shukrani. Kinachobaki ni kwamba siku hizi sipokei kitu kwa jumla.

Jumla ndiyo iliyoniangusha kwa Louis wa Kumi na Nne. Alikuwa mfalme kwa miaka 72, kuanzia hajafika miaka mitano, na kasri lake la Versailles linang'aa kwenye kila kalenda. Mwaka 1685 pekee alitia saini hati mbili. Machi ilitoka ile inayoitwa Code Noir, sheria ya watumwa wa visiwani, ambayo kifungu chake cha 44 kinamhesabu mtumwa kuwa mali inayohamishika, sawa na fanicha. Oktoba akaifuta Hati ya Nantes ya babu yake, na Waprotestanti wapatao laki mbili wakaihama nchi. Sheria za namna hiyo zilifika mpaka Bahari ya Hindi, kwenye kisiwa kilichopewa jina la ukoo wa kifalme, Bourbon, ambacho sasa ni Réunion. Septemba 1776, Louis wa Kumi na Sita akiwa na miaka miwili kwenye kiti, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa: watu elfu moja kila mwaka, piastre 20 kwa kila mmoja, na piastre 2 za sultani juu yake kwa kila kichwa.

Niliusoma mkataba huo nikiwa kwenye treni, nikakipita kituo changu. Nilikuwa nimezoea kusema wao na sisi. Hapa palikuwa na raia wa Mfalme wa Ufaransa upande mmoja, na upande mwingine mfalme wa pwani inayozungumza lugha yangu, na wote wawili walielewana vizuri sana juu ya bei. Watu elfu moja hawakuulizwa na yeyote kati yao. Nikajua kwamba ugonjwa niliokuwa nao hauna rangi. Mkubwa asiyeulizwa ni mkubwa asiyeulizwa, awe Versailles au Kilwa.

Na asipoulizwa, hata yeye mwenyewe hajui anakokwenda. Hilo nilijifunza kwa Necker, waziri wa fedha wa Louis wa Kumi na Sita. Februari 1781 alichapisha hesabu za mfalme, ziuzwe dukani kwa yeyote. Haikuwahi kutokea. Watu walizinunua kwa maelfu. Hesabu zenyewe zilipambwa: zilionyesha ziada ya livre milioni 10 kwa kuacha nje mikopo ya vita vya Marekani. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa, na miezi michache baadaye Necker hakuwa tena waziri. Kufikia mwaka 1788 karibu nusu ya matumizi ya serikali ilikwenda kulipa madeni. Ikabidi Mei 1789 liitishwe Baraza la Matabaka, ambalo mara ya mwisho lilikuwa limekutana mwaka 1614. Vizazi kadhaa vilipita bila mfalme kuulizwa rasmi, na maswali yote yakamwangukia mmoja kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tuna kikundi cha kufa na kuzikana, watu wa Buyenzi na mitaa ya jirani tulioko huku. Kila mwezi tunachanga, na mmoja wetu akifariki tunasafirisha mwili hadi Bujumbura na kuitazama familia. Mwenyekiti alikuwa mzee tunayemheshimu sana, na fedha zilikaa kwenye akaunti yake kwa miaka. Hakuna aliyeuliza. Swali lilikuwepo kwenye midomo ya watu jikoni na kwenye simu, likifika mkutanoni linayeyuka.

Kwenye mkutano mmoja niliinua mkono. Nikasema, "Mzee wetu, kwa heshima zote, naomba tusomewe daftari."

Ukumbi ulinyamaza. Kaka mmoja akageuka. "Dada, unamuuliza mzee kama mwizi?"

"Mwizi haulizwi, kaka, mwizi hukamatwa. Ninayemuuliza ni mwenyekiti."

Magoti yalikuwa yanatetemeka, lakini sauti haikutetemeka. Nilikuwa nimekwisha kuona taji limechongwa kwa patasi. Wahenga wetu wenyewe walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na tulikuwa tumeuacha msemo huo kwenye khanga. Mzee alikasirika, akakosekana kwenye mkutano uliofuata. Ulipofuata mwingine akaja na karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki. Hakuwa ameiba. Alikuwa amewakopesha wenye shida, hakuandika, na wengine walikuwa wamehama au wamesahau. Pesa kiasi hazikupatikana tena. Tukakubaliana: akaunti ya kikundi, saini mbili, hesabu kusomwa kwa sauti kila mkutano, na uongozi wa miaka miwili. Mzee bado ni mzee wetu. Anakaa mbele, anafungua kikao kwa dua, na nadhani analala vizuri kuliko zamani.

Kazini pia nilianza kuuliza. Niliandika saa zangu kwenye daftari dogo, na mwisho wa mwezi nikazilinganisha na hati ya mshahara mbele ya msimamizi. Mara ya kwanza alishangaa. Mara zilizofuata alikuja akiwa ameshahesabu.

Mara nyingine nashuka kwenye chumba cha chini cha kanisa lile. Oktoba 1793 wanamapinduzi waliyafungua makaburi, mwili wa Henri wa Nne ukakutwa haujaharibika, na mifupa ya wafalme na malkia ikatupwa kwenye mashimo mawili pamoja na chokaa. Mwaka 1817 Louis wa Kumi na Nane alipoamuru irudishwe, haikuwezekana kujua fupa lipi ni la nani. Iliwekwa yote pamoja, nyuma ya mabamba meusi ya marumaru yenye orodha ya majina. Ghasia zile sizipendi. Ninazitaja kwa sababu naona zinafanana na deni lililokawia kulipwa: waliokosa nafasi ya kumwuliza mfalme akiwa hai walikuja kumalizia hasira kwenye mifupa. Heri daftari lisomwe mapema.

Mwaka huu nimechaguliwa mweka hazina. Mkutano haukuwa na muda mrefu tangu uanze, kijana aliyezaliwa hapa hapa Saint-Denis akasimama akauliza kwa nini tiketi moja ya ndege imenunuliwa kwa bei ile, na risiti iko wapi. Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kumwambia wewe ni mtoto, unamjua unayezungumza naye? Maneno yalifika ulimini, tena kwa sauti ya watu wote niliowahi kuwaogopa. Ndipo nikajua kwamba hao wafalme hawakuwa viumbe wa aina nyingine. Cheo kidogo cha kikundi cha mazishi kilitosha kunifanya nitamani nisiulizwe.

Nikamwonyesha risiti, nikamwomba aisome kwa sauti ili wote wasikie. Kisha nikamshukuru, na shukrani hiyo ilinigharimu. Ninayo bado miezi ya kuitumikia kazi hii, na nimewaambia wanachama wasiniachie hata mkutano mmoja bila swali. Mkubwa ni jalala, husema Waswahili, kila kitu hutupwa kwake. Basi na maswali nayo yatupwe.